Steringi Hafi

Nilikuwa nimeshakufa, tena nilikufa vizuri: chali kwenye sakafu ya saluni, kifua kimeloa sosi ya nyanya. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho cha filamu yetu. Kila mtu anajua steringi hafi, na mimi steringi nimekufa hata jina la filamu halijatokea.

Juu yangu mapigano yaliendelea kwa mwendo wa kobe. Hatukuwa na mitambo ya kupunguza kasi, basi watu wazima walirushiana mateke polepole, nyuso wamezikunja. Kaka yangu, mwenye saluni, ndiye jambazi. Aliwafyatulia polisi draya ya nywele, na wifi yangu akaipitisha risasi hewani: karoti kwenye kijiti.

Karoti ikasimama.

Nikafumbua jicho moja. Binti yangu alikuwa ameachia kiti. Anakaribia miaka mitatu na hajawahi kusimama bila kushikilia kitu. Daktari alishatuambia tumwachie Mungu.

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyethubutu kurudi kwenye mwendo wa kawaida, wasije wakamshtua. Mateke yakashuka taratibu. Draya ikashuka taratibu. Mwenye haraka alikuwa yeye peke yake. Alikanyaga sosi, akayumba, akaendelea, na nyuma yake sakafu ikabaki na nyayo ndogo nyekundu.

“Dada, usiinuke,” kaka akanong’ona, machozi yanamtiririka. “Mwache afike mwenyewe.”

Nikabaki maiti. Mikono tu ndiyo niliyoifungua, polepole kuliko wote.