Wapiga Picha wa Kona ya Mishumaa

"Sogea kidogo, afande, unanizibia," Ersilia alimwambia polisi, kisha akapanda juu ya robota la majani makavu na kusimama wima, kamera mkononi.

Alikuwa amechagua mahali pabaya kuliko pote katika mbio zile za magari. Barabara ilishuka kutoka mlimani ikiwa imenyooka, halafu ikakatika ghafla kushoto, na mbele hapakuwa na kitu ila shamba la mizabibu, chini kabisa. Wanakijiji walipaita Kona ya Mishumaa, kwa mishumaa waliyowasha pale kila mwaka kwa ajili ya madereva walioshindwa kuikata.

Gaspare, mpiga picha wa gazeti moja la Torino, aliyezeekea kando ya barabara za mashindano, alimtazama akatikisa kichwa.

"Mama, gari likikosea njia, breki yake ni wewe."

"Nataka wanione vizuri."

"Wakuone? Kazi yetu ni sisi kuwaona wao." Akacheka. "Nani kakutuma?"

"Gazeti la Milano."

"Lipi?"

"Lile la picha."

"Mwaka huu mmeota kama uyoga. Nimeipita barabara yote na gari asubuhi, kila kona mbaya yupo mmoja, na wote wanawake. Sisi wazee mnataka tukale wapi?"

Ersilia alikuwa ameinua macho kuelekea mlimani. Alikuwa akisubiri namba ishirini na saba.

Ishirini na saba alikuwa Nevio, mumewe. Kwa kinyozi, mbele ya mtaa mzima, Nevio alikuwa ametamba kwamba mwaka huu ataikata Kona ya Mishumaa bila kugusa breki. Padri alimkanya, yeye akacheka. Mama yake mzazi alilia, yeye akambusu kwenye paji la uso, akacheka. Ersilia alimwekea mtoto wao mapajani, mtoto hata meno hajaota, naye akaanza kumfundisha kunguruma kama injini.

Basi jana yake, wakinywa supu, Ersilia alimwambia jambo moja tu. "Nimepata kazi ya picha pale konani. Ukurasa wa mbele, wamesema. Ila ukipita mbio utatoka kama ukungu. Hata mama yako hatakujua."

Gaspare alipoambiwa na Ersilia kwamba namba ishirini na saba ni mumewe, aliacha kufuta lenzi yake.

"Ni mumeo? Na unamsubiri hapa, na kamera? Mke wangu angekuwa kanisani."

"Kanisani nimeshakwenda."

"Una moyo kweli wewe?"

"Ninao. Unadunda mpaka robota linatikisika. Nyamaza, wanakuja."

Gari la kwanza, jekundu, liliteremka likinguruma. Gaspare alichuchumaa, kidole tayari, akingoja vumbi na kelele za matairi. Ersilia akainua kamera juu, akapunga mkono.

Gari jekundu likapunguza mwendo. Dereva akaweka skafu yake sawa, akaonyesha meno, akapita taratibu kama anayekwenda kuposa.

"Huyu anaumwa?" Gaspare aliuliza.

La pili nalo likapunguza. Dereva wa tatu alivua kabisa miwani yake ya mbio, akapitisha vidole kwenye nywele. Watu waliokaa juu ya ukuta wa kando ya barabara wakaanza kupiga miluzi, na bibi mmoja akapaza sauti, "Mwanangu, shuka usukume, utafika upesi."

"Mhariri wangu anataka matairi yakilia," Gaspare alinung'unika. "Mimi napata wachumba."

Magari mengine yakapita vivyo hivyo, ndipo ukasikika mlio wa injini ambao Ersilia aliujua kuliko sauti yake mwenyewe. Namba ishirini na saba ilitokea juu ya mteremko, na mlio haukushuka. Watu ukutani wakasimama. Polisi akarudi nyuma. Ersilia aliruka chini, akaingia barabarani hatua moja, kamera machoni, macho yenyewe ameyafumba.

"Ukungu, Nevio," alinong'ona. "Utatoka kama ukungu."

Mlio ukaendelea ule ule, ule ule. Halafu ukavunjika.

Nevio alikanyaga breki. Mkia wa gari ukayumba kidogo, ukakaa sawa, naye akapita mbele ya mkewe polepole, kidevu juu, akigeuza shavu la kushoto, lile analoamini ndilo zuri. Akakata kona, akaenda zake.

Ersilia alikaa chini pembeni mwa barabara.

Gari la mwisho lilipokwisha kupita, Gaspare alikuja akaketi karibu yake, akamkatia nusu ya mkate wake.

"Nikwambie kweli, mama? Sina hata picha moja ya maana. Lakini hiyo yako, mumeo uso kwa uso, gazeti letu litaipokea leo hii, na jina lako chini yake. Lete nikutolee filamu, wewe kula kwanza."

Aliichukua kamera, akaligeuzia jua mgongo, akazungusha kitufe cha kurudisha filamu. Kikazunguka kirahisi, bila kukaza. Akafungua. Akachungulia ndani, akapuliza, akachungulia tena.

"Wewe," alisema, "umesahau kuweka fila..."

Aligeuka kutazama bondeni, ambako barabara ilijikunjakunja mpaka mjini. Pale darajani, mwanamke mwenye kofia pana alikuwa akikunja miguu ya kamera yake.

"Yule wa darajani ni nani?"

"Mke wa namba kumi na tisa."

"Na yule wa relini?"

"Dada yake namba nane."

"Na yule kwenye kona ya kinu cha unga, aliyejifunika shela nyeusi?"

"Mama mkwe wangu," Ersilia alisema, akiuma mkate. "Kamera za kuazima zilikwisha. Yeye tumempa boksi la viatu."