Kwenye Foleni ya Chaji

Gari la umeme la Shaame lilikaribia kuzima lilipoifikia mashine pekee ya kuchajia kisiwani. Mbele yake kulikuwa na magari manne. Alishuka akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe.

“Jamani, nipisheni. Magharibi inaingia.”

“Kwani inakuingilia wewe peke yako?” akajibu dereva aliyekuwa anachaji, na wenzake wakacheka. “Rudi kwenye foleni, bwana!”

Shaame aliliinamia lile shuka. “Ni binti yangu. Nimetoka naye hospitali. Wanatungoja makaburini, nyuma ya kilima, na miguu hainibebi.”

Kicheko kilikatika. Yule dereva alichomoa waya kwenye gari lake, akaukokota hadi kwa Shaame. Kisha akalitazama jua, akaitazama mashine, akauachia waya ukaanguka.

“Innalillahi. Hakuna gari hapa lenye chaji ya kutosha kupanda kilima kabla jua halijazama. Nipe mimi, ndugu yangu.”

Akampokea mtoto kwa mikono miwili, akaanza kupanda kilima. Wengine wakayaacha magari milango wazi, wakamfuata, wakawa wanapokezana.

“Ngojeni, na mimi nimbebe!” Shaame alipiga kelele, akiwafuata kwa kuyumba, mikono ingali imekunjwa kifuani.