Kiboksi Changu cha Intaneti

Kidole gumba changu kilisimama juu ya neno "Zuia" kwenye simu yangu. Bado kilikuwa na lengelenge la chuma cha kulehemu.

Kiboksi changu cha intaneti nilikinunua kwa bei ya kutupa kwa fundi simu, antena yake ikiwa imevunjika. Nilikilehemea nyingine, nikakiwekea programu iliyoniruhusu kuchagua kwa simu nani aingie mtandaoni na nani abaki nje. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, hii ni intaneti au redio ya bibi?" Kisha akaomba neno la siri.

Sasa alikuwa chumbani, shati limenyooka, akisailiwa kazi kwa video. "Naam, nawasikia vizuri sana," alisema, kwa adabu ambayo sisi nyumbani hatuijui.

Mwaka jana nilisailiwa mimi, hapahapa sebuleni, nikiomba ufadhili wa masomo. Katikati ya swali, picha iliganda. Nilipogeuka, kaka alikuwa amechomoa waya wa umeme wa intaneti tuliyokuwa nayo wakati huo ili achomeke pasi.

"Labda ni mtandao tu," alisema, akinyoosha kola. Hata hakuniangalia.

Sasa nikabonyeza "Zuia".

Mlango ulifunguka kwa kishindo. "Wewe, mbona nimekatika? Wananisubiri! Fanya kitu basi, tafadhali!"

Tafadhali hiyo ilinichoma. Kola yake ilikuwa imeanza kulowa jasho. Niliisukuma simu chini ya mto wa kiti.

"Labda ni mtandao tu, kaka," nikasema, nikimtazama machoni.