Kitambaa Cheupe cha Mzee Vencel

Doa lilikuwa dogo kama punje ya kunde, jeusi, katikati ya kitambaa cheupe.

Mzee Vencel, mkuu wa chama cha mafundi wa magari ya farasi pale mjini Kocs, alikiinua juu ili uwanja mzima uone. "Jana ulishindwa, Orsolya, na leo umeshindwa. Imebaki kesho tu."

Orsolya, mtoto mgongoni, alimtazama Ráró, farasi wake, mweupe hata akaumiza macho. Alikuwa amemsugua tangu alfajiri kwa sabuni ya majivu, akamsuuza mara saba, akamkausha kwa sketi yake mwenyewe. Na bado doa. Kweli yeye alikuwa mwanamke ambaye hata angeuosha mto wa maji, ungetoka na matope.

Kanuni ya chama ilikuwa fupi. Mjane akitaka kuendelea kuosha farasi na magari ya wasafiri kwenye uwanja wa marehemu mumewe, mkuu wa chama hukagua gari, kisha hupitisha kitambaa cheupe ubavuni mwa farasi. Kikitoka cheupe, uwanja ni wake. Akishindwa mara tatu, uwanja ni wa shemeji.

Gari halikumsumbua. Siku zote mbili Mzee Vencel alichungulia chini ya viti, akachomeka kidole kwenye vitovu vya magurudumu kuona kama mafuta yanatosha, akaguna kwa kuridhika. Balaa lilikuwa farasi.

"Shemeji," Balázs, ndugu wa marehemu, aliita kutoka langoni, akitafuna kitunguu, "mbona unamtesa mnyama? Kesho mpake chokaa tu yaishe."

"Nikishika chokaa naweza kukosea nikakupaka wewe."

"Paka tu. Mimi nimeshapima mahali pa kufungia nguruwe wangu humu."

"Wahesabu vizuri hao nguruwe, shemeji. Usije ukajihesabu na wewe."

Watu wakacheka. Orsolya naye akacheka, maana ukishindwa mbele ya mji mzima, ni heri ucheke wa kwanza.

Mzee Vencel hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuondoka alimbana mtoto shavu kwa vidole viwili. "Usilie, Katica. Mama yako atapata mume mwingine, ataachana na ndoo hizi."

Jioni Orsolya alimwogesha mtoto. Shavuni palikuwa na alama nyeusi, na haikutoka kwa maji matupu. Akasugua. Akasugua tena.

"Hata wewe, mwanangu!" alisema, akicheka mpaka machozi. "Farasi kanishinda, sasa hata mtoto wa kuenea kwenye sufuria!"

Halafu akaacha kucheka.

Kabla giza halijaingia alimfunga Ráró kamba fupi ili asilale kwenye majani, akamfunika shuka yake ya harusi kuanzia shingoni hadi mkiani. Farasi akasimama hivyo, kama bi harusi aliyebadili mawazo. Orsolya akamnyonyesha mtoto, akalala usingizi mzito.

Ijumaa asubuhi majirani waliona moshi. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, na kando yake kipande cha sabuni kikubwa kama mkate na brashi mpya ya manyoya ya nguruwe.

"Leo farasi atatoka bila ngozi," alisema Balázs.

Mzee Vencel alikuja, akachungulia chini ya viti, akachokonoa magurudumu, akaguna. Kabla hajatia mkono mfukoni kutoa kitambaa, Orsolya alikuwa mbele yake na beseni la maji ya moto.

"Ngoja kwanza, mzee wangu. Umeingia kwangu mara tatu hujaonja hata kipande. Watu watasema mjane wa Márton ni mchoyo."

Mzee akatazama sahani aliyoandaliwa. "Mkate mkavu? Hata kipande cha mafuta ya nguruwe hakuna?"

"Leo Ijumaa, mzee, nyama na mafuta yake haviliwi. Unataka nikutie dhambini?"

Mzee akakunja mikono ya kanzu. Orsolya akamwosha mwenyewe, viganja kwa kucha, kwa sabuni na brashi, kama mtoto anayepelekwa kanisani.

"Taratibu, binti! Mimi si farasi!"

"Nisamehe, mzee. Mikono imezoea."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee akala mkate wake, akakung'uta makombo, akatoa kitambaa. Orsolya akaivuta shuka. Kitambaa kikapita ubavuni mwa Ráró, taratibu, kikarudi. Orsolya alikuwa ameziba macho ya mtoto kwa kiganja. Yeye mwenyewe aliangalia.

Cheupe kama maziwa.

Balázs alikishika, akakigeuza, akakigeuza tena, akamrudishia mwenyewe.

"Uwanja ni wako," alisema Mzee Vencel. "Lakini niambie kweli, binti. Farasi huyu umemfanya nini tangu jana?"

"Nimejitahidi tu, mzee."

Walipoondoka wote, alibeba beseni hadi langoni akalimwaga. Maji yalikuwa meusi tititi kwa mafuta ya magurudumu. Ráró alikuwa hajaguswa na tone tangu jana.