Ng'ambo ya Jiwe la Mpaka

Gisiri aliusimamisha upinde kwenye mwanga wa asubuhi, kigae cha chupa mkononi. Nusu ya juu bado ilipinda kidogo kuliko ya chini. Akikwangua mara moja tu, zingelingana, nao upinde ungependeza macho.

Pinde tisa alikuwa ameziharibu kwa hiyo mara moja tu. Zilitoka laini kama mshipi, na mishale yake yote ikaanguka huku Kenya, kabla ya lile jiwe la mpaka ambalo mishale ya marehemu baba yake ililiruka bila shida.

Akakirudisha kigae mkebeni. Akapiga simu.

"Dada, ondoka shambani."

Dada yake ameolewa upande wa Tanzania, na mihogo yake inaanzia pale pale kwenye jiwe.

"Nimeshatoka, hata chai nimeweka," akacheka. "Miaka yote hii unanifukuza kwa shamba langu, na mshale wenyewe sijawahi kuuona."

Gisiri akatia simu mfukoni bila kuikata. Akavuta ugwe hadi ukamgusa sikio. Upinde ulimgomea, mabega yakamuuma, akaachia. Mshale ukapanda, ukawa mwembamba kama unywele, ukapotea.

Akaitoa simu, akaiweka sikioni. Alisikia hatua za dada yake kwenye majani makavu, polepole, kisha zikakoma. Hakuwa akicheka tena.

"Ndugu yangu," akasema, "nimeketi kando yake. Sijaugusa. Njoo uuchomoe mwenyewe."