Kadi ya Chini

"Nambari arobaini na moja hataazima tena," mzee alisema, akaweka kitambulisho cha maktaba juu ya meza.

Farhiya alikuwa ameanza kazi Jumanne, na leo ilikuwa Alhamisi. Alitoka Emali, ambako baba yake huuza mbuzi. Kamati ya maktaba ya Tawa ilikuwa imempa ufunguo, chumba kinachoingiwa na vumbi la ghala la ndengu lililo mlango wa pili, na sheria nyingi kuliko vitabu. Lakini kusema pole alikuwa anajua tangu nyumbani.

"Pole sana, mzee."

"Asante. Mimi naitwa Kimeu." Alitazama mlangoni, kule kwenye benchi ya nje, kisha akavuta kiti. "Nimekuja kuomba kadi zake."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika maktaba ile, ukirudisha kitabu unaandika maoni yako kwenye kadi, unaichomeka kwenye msumari wa nambari yako, msumari uliosimama juu ya kibao kama ule wa risiti dukani, ndipo unapewa kitabu kingine. Kadi hazitoki. Kamati ilikuwa imeliandika hilo ukutani kwa wino mwekundu na kulipigia mstari mara mbili, maana kamati ni kamati.

"Haziwezi kutoka, mzee. Ni sheria."

"Basi nisomee, madam. Macho yangu siku hizi inashika tu herufi kubwa." Akaelekeza kidole kwenye msumari wa arobaini na moja. "Anza hapo juu, ushuke. Nataka tuishie na ile ya chini kabisa. Hiyo moja ukinipa, sitaomba ingine."

Farhiya akachomoa kadi ya juu. Herufi zilikuwa kubwa, zimelalia upande, mbili zimetoka kabisa nje ya mstari.

"Mbuzi ni mweupe. Mtu mzuri alinisomea."

Mzee Kimeu alitikisa kichwa polepole. "Endelea."

"Bata amepotea lakini amerudi. Baba alinisomea mara mbili. Nataka tena."

Farhiya alikiona akilini kitoto kimekaa karibu na mwanamume huyu, kidole juu ya bata, na moyo ukamuuma kama wa mtu aliyekijua kitoto hicho.

"Kitabu cha rangi. Hakina hadithi. Ukurasa wa kijani ni kama shamba letu likinyeshewa."

Kadi chache chini yake mwandiko ulianza kunyooka, na msomaji akaanza kuwa na maneno yake.

"Vitabu vya katuni ndivyo vitabu. Ukisahau ni nani anaongea, ule mkia wa kiputo cha maneno unakuonyesha mdomo wake. Vitabu vingine vyote vingefanya hivyo."

Farhiya alicheka. Mzee alicheka pia, na kicheko chake kikakatikia njiani.

"Alikuwa msomaji huyu," Farhiya alisema.

"Alikuwa."

Kulikuwa na katuni ndefu ya mpelelezi: "Mwizi nimemjua ukurasa wa nne kwa sababu ya viatu. Mchoraji asidhani sisi hatuangalii miguu." Halafu picha zikaisha, vikaja vitabu vinene.

"Riwaya hii ina watu wengi kuliko Tawa siku ya soko. Nimeandika majina yao kwenye karatasi, na karatasi yenyewe nimeipoteza."

Na nyingine, mwandiko sasa safi kabisa, kila herufi imesimama mahali pake: "Mwandishi amemuua mama wa watu ukurasa wa tisa ili tulie. Angengoja kwanza tumzoee. Mimi sikulia, nilikasirika."

Farhiya ndiye aliyelia. Kutoka mbuzi mweupe hadi hapa! Ina maana mzee huyu alikuwa amemwona akikua kadi kwa kadi, mpaka akafika kubishana na waandishi, halafu ghafla hakuna tena. Ulikuwa uonevu tu, na hakujua amlaumu nani. Alijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Alikua vizuri sana, mzee."

Mzee Kimeu alimtazama. Akatazama tena mlangoni.

"Beba zote," Farhiya alisema. "Kamati nitaijibu mimi. Wakitaka kunifuta kazi wanifute."

"Hapana, msichana yangu. Hiyo moja inatosha. Nisomee kwanza."

Kadi ya chini ilikuwa imegeuka manjano. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote, mwandiko wa kuandikwa ubaoni ili mtoto wa nyuma kabisa auone. Farhiya akasoma kwa sauti.

"Ijumaa nimestaafu ualimu baada ya miaka thelathini na minne. Mume wangu Kimeu amenitengenezea kiti cha kusomea, kimoja tu, eti yeye atakalia ndoo. Kitabu kinaonekana kizuri, lakini nimefika ukurasa wa kumi tu, kwa sababu huyo mtu wa ndoo hanyamazi, na mimi sitaki anyamaze."

Farhiya akaiokota tena ile kadi ya juu, yenye herufi zilizolalia upande.

"Hiyo ya mbuzi ndiyo ya mwisho, ameandika Jumatatu hii," Mzee Kimeu alisema, akaitia kadi ya chini katika mfuko wa shati, akatoka kwenda kumshika mkono mke wake kwenye benchi.