Mteja Asiyekosa

Mbele ya mwanamke, mtu aliyemuua kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anapanga safari nyingine.

Alikuwa ametandaza ramani ya mlima juu ya meza, meza ambayo mwanamke yule hupangia safari zote za uwindaji za mume wake: punda wangapi, mahema yapi, chumvi kiasi gani ya kuhifadhia ngozi. Kidole kinene cha mteja kilipanda mgongo wa mlima, kikashuka ng'ambo, kikasimama.

"Hapa," alisema. "Bonde lile lile."

"Umesahau nini huko? Umebakiza ndugu yangu mwingine?"

Mume wake, aliyesimama mlangoni, alikohoa. "Mama watoto, taratibu."

"Taratibu mwenyewe!"

Mwaka ulikuwa haujatimia tangu msiba. Kaka yake, ambaye wapagazi walimwita Pua kwa jinsi alivyonusa nyati kabla hata upepo haujageuka, alikuwa ametangulia kwenye ukungu kutafuta nyayo. Mteja akaona kitu cheusi kinatikisa kichaka, akafyatua. Wapagazi, huku nyuma, walisikia mlio mmoja tu. Walimshusha Pua amefungwa juu ya punda kama gunia. Polisi wakasema ni ajali, mteja akalia mbele za watu, akaenda zake. Leo karudi, tena anamwita "dada".

"Dada, silali," mteja alisema. "Nikifumba macho namwona. Nisiporudi pale pale nikashika bunduki tena, nitakuwa nimekwisha."

"Kwisha basi! Nani kakushika?"

"Tutapita njia ya chini," mume wake aliingilia, macho kwenye ramani. "Kambi tunaweka pangoni, tunangoja upepo utulie, ndiyo tunavuka."

Hapo ndipo mwanamke alipochomwa moyo zaidi. Tangu msiba, mume wake hakuwahi kumtolea mtu huyu hata neno moja la ukali. Siku ya mazishi alimshika mkono, akamkalisha kivulini, akamletea maji. Shemeji yake mwenyewe yuko ndani ya sanduku, naye anambembeleza muuaji kama mtoto mwenye homa!

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Mteja huyu ndiye aliyewaletea wateja wengine wote. Huko kwao hakuchoka kusimulia: mara nne kapanda akiongozwa na mume wa mwanamke huyu, mara nne kaangusha nyati kwa risasi ya kwanza. Ilikuwa ile mara ya tano tu iliyoharibika.

Mwanamke aliikunja ramani.

"Atapiga shabaha," alisema.

Ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi yao. Kabla ya kupanda, kila mteja hushuka korongoni nyuma ya ghala, akafyatulia ubao. Akiukosa, atabaki chini apige picha za ndege. Mteja huyu peke yake ndiye hakuwahi kujaribiwa. Kila mara mume alisema, "Kumjaribu huyu ya nini? Huyu hakosi."

"Mama watoto, huyu hana haja ya..."

"Atapiga kama wenzake. Akikosa, hapandi, na punda wangu hawatoki zizini."

Punda wale aliachiwa na baba yake.

"Dada ana haki," mteja alisema, akainuka.

Walishuka korongoni. Mwanamke alibeba mwenyewe moja ya zile bunduki mbili pacha za mume wake, ile wanayoazimwa wateja. Mume alifuata nyuma, mikono mitupu, anaburuta miguu.

Mteja alilenga. Risasi ilirusha vumbi mbali na ubao. Ya pili ilipasua jiwe.

"Sogea," mwanamke alisema.

Akasogea, akakosa. Akasogea tena, mahali ambapo mtoto angeupiga ubao ule kwa kiatu. Akakosa.

Mwanamke alicheka, kicheko kibaya. "Kaka yangu ulimpata kwenye ukungu, mbali kule, katikati ya kifua. Ubao mweupe, jua linawaka, unakushinda? Au ubao hauna dada wa kuulilia?"

Mteja aliitazama bunduki kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe.

"Sielewi," alisema. "Hata nyumbani nikijaribu, ni hivi hivi. Lakini mlimani sikosi, dada. Nafikiri ni kwa sababu kule tunakuwa wawili."

"Wawili vipi?"

"Mumeo anasimama nyuma ya bega langu na bunduki yake, kwa usalama. Ananituliza, pumzi zangu zinashuka. Akisema 'sasa', nafyatua." Aligeuka, karibu atabasamu. "Siyo, rafiki yangu? Njoo usimame, dada aone."

Mwanamke alimgeukia mume wake. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila ghafla haikujua pa kwenda.

"Kalete yako," alisema. "Simameni mnavyosimama kule."

Mume hakwenda.

"Nimesema kalete bunduki yako!"

Alikaa chini kwenye mawe, polepole. Alimtazama mke wake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama watoto," alisema, "kulikuwa na ukungu."

Nyati wanne. Kaka mmoja. Kila mara bunduki mbili, mlio mmoja. Wote watano waliangushwa na mume wake.